Ubaba na upendo wa Mungu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa katika vikao vya akina baba wa usharika wetu hapa Kigoma. Waulizaji wengi ni wavuvi, walimu, madereva wa bodaboda na wachuuzi wa dagaa na mawese, na maneno yao yamebadilishwa kidogo ili asitambulike aliyeuliza. Anayejibu ni mzee wa kanisa na baba wa watoto wanne, wala si mchungaji. Nukuu za Biblia ni za tafsiri ya Union, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika nyumba nyingi. Pale ambapo jibu limekwisha kutolewa katika swali jingine, msomaji anaelekezwa huko.

## Misingi

1. Biblia inamaanisha nini inapomwita Mungu Baba?

Inazungumzia uhusiano, wala haielezi umbile, kwa kuwa Mungu ni Roho (Yohana 4:24). Katika Agano la Kale jina hili halitumiki mara nyingi, na linapotumika mara nyingi linahusu taifa zima, kama katika Kumbukumbu la Torati 32:6 na Isaya 63:16. Aliyelifanya kuwa jina la kila siku ni Yesu. Usiku wa Gethsemane aliomba akisema "Aba" (Marko 14:36), neno la Kiaramu ambalo mtoto alilitumia nyumbani na ambalo mtu mzima hakuliacha alipokua. Kwa hiyo lina ukaribu na heshima kwa pamoja, kama vile mtu wa miaka hamsini hapa kwetu anavyoendelea kumwita mzazi wake "baba" bila kuona kwamba anajishusha. Paulo anasema kwamba Roho huwapa waamini wote ruhusa ya kulitamka neno hilohilo (Warumi 8:15, Wagalatia 4:6).

2. Je, mtu asiye na mtoto hawezi kuuelewa upendo wa Mungu?

Anaweza, na asikubali kuambiwa vinginevyo. Paulo hakuwa na mke alipowaandikia Wakorintho (1 Wakorintho 7:8), na hatumjui mtoto wake yeyote wa kumzaa, lakini alimwita Timotheo mwanawe, na ni yeye aliyetuachia maneno mazito kabisa kuhusu kufanywa wana. Upendo wa Mungu huonekana kwanza msalabani (Warumi 5:8), si katika wodi ya wazazi.

Ubaba haumpi mtu habari mpya ambazo wengine wamenyimwa, bali hulipa uzito neno ambalo amekuwa akilisoma. Mtu wa Tabora anayejua kwamba Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika karibu mita 1,470 anajua ukweli kamili. Aliyewahi kulivuka usiku kwa mtumbwi anaujua ukweli uleule kwa tumbo. Wapo wanaolivuka kwa vyombo vingine: baba wadogo waliolea watoto wa kaka zao, babu, walimu, makatekista.

3. Ni nini hasa kinachobadilika mtoto wa kwanza anapozaliwa?

Jambo la kwanza ni kwamba mwanamume hujikuta anapenda bila sababu ya kuonyesha. Amesimama nje ya wodi na kapu la nguo na chupa ya uji, kisha muuguzi anamkabidhi kiumbe kilichoviringishwa kwenye kanga, ambacho hakijamsalimu, hakijamtumikia, hakijui hata kama yupo, naye papo hapo yuko tayari kufa kwa ajili yake. (Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa baba aliyeajiriwa siku tatu za likizo kwa ajili ya tukio hili, mvuvi hapewi hata hizo.) Wengi wetu tulikuwa tumehubiriwa miaka mingi kwamba Mungu hutupenda kwa neema, na tuliitikia amina, lakini moyoni tuliendelea kuhesabu mahudhurio yetu ya ibada na sadaka zetu. Hesabu hiyo huanza kuonekana ya ajabu mtu anapojiuliza mtoto wake wa siku moja amemfanyia nini.

Ndiyo maana ni vema kuusoma ubatizo wa Yesu ukiwa na mtoto mapajani. Sauti ya mbinguni inasema, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye" (Mathayo 3:17). Katika mpangilio wa Mathayo, Yesu hadi hapo hajahubiri hata mara moja, hajaponya mgonjwa, wala hajamshinda mjaribu, ambaye anakuja katika sura ya nne. Kupendezwa kumetangulia kazi.

Jambo la pili ni jina, na hili naona halisemwi vya kutosha. Katika mitaa yetu mwanamume akipata mtoto hupoteza jina lake. Mimi niliitwa kwa jina la ukoo tangu nikiwa shuleni. Wiki moja baada ya binti yetu kuzaliwa, muuza mkaa alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara akiniita Baba Fulani, kwa jina la mtoto ambaye hata shingo ilikuwa haijakaza. Niligeuka mara moja, kana kwamba nimeitwa hivyo maisha yangu yote.

Tangu siku hiyo nalisoma kwa namna nyingine neno la Kutoka 3:6, ambapo Mungu anajitambulisha kwa Musa kuwa ni Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka na Mungu wa Yakobo. Amejiita kwa majina ya watoto wake. Anayeitwa hivyo hubeba pia aibu ya mtoto, kwa sababu kijana akikamatwa juu ya mwembe wa watu, swali la kwanza la mtaa ni kama huyo si mtoto wa Baba Fulani. Na Yakobo alikuwa mtu aliyemdanganya mzazi wake kipofu ili aibe baraka. Mwandishi wa Waebrania aliliona jambo hili akaandika kwamba "Mungu haoni haya kuitwa Mungu wao" (Waebrania 11:16).

4. Aliyebeba mimba ni mama. Kwa nini basi mfano uwe wa baba?

Biblia haimwachi mama. Isaya 49:15 inauliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, na Isaya 66:13 inamfananisha Mungu na mama anayemfariji mtu. Akina baba tunajibu hapa kuhusu upande wetu tu, na tukiwa wakweli, mengi tunayoyajua juu ya uvumilivu tumeyaona kwa wake zetu saa tisa za usiku.

## Nyumbani, siku kwa siku

5. Baba anayempenda mtoto humpa anachoomba. Mbona Mungu hanipi?

Mathayo 7:9-11 inatumiwa sana kujibu swali hili, nasi watu wa ziwani hatuhitaji kufafanuliwa samaki na nyoka. Hata hivyo tunapenda kuruka maneno "ninyi mlio waovu". Yesu hasemi kwamba Mungu ni mwema kama sisi, bali anasema kwamba ikiwa hata sisi, pamoja na uovu wetu, hatumpi mtoto jiwe badala ya mkate, basi Baba wa mbinguni ni mwema zaidi sana. Hoja inapanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na inatukosoa tukiwa njiani.

Ama kuhusu kunyimwa, kila mvuvi amewahi kuombwa na mtoto wa miaka tisa aende naye usiku kwenye wavu. Mtoto analia, anaona kaka yake amechukuliwa, anahitimisha kwamba hapendwi. Baba anayajua mawimbi ya upepo wa kusini na hawezi kumweleza akaelewa. Anamwacha alie, na kilio kile anaondoka nacho hadi majini. Kabla sijawa baba nilidhani anayekataa haumii.

Mfano huu una mpaka wake. Mzazi anayeomba mtoto wake apone malaria hajaomba nyoka, na tusimjibu kana kwamba ameomba hatari bila kujua. Kwa hilo tazama swali la 10.

6. Waebrania 12 inasema Bwana humrudi ampendaye. Je, hii ndiyo ruhusa ya fimbo?

Neno "kurudi" katika Kiswahili cha Biblia ya zamani maana yake ni kumwonya na kumrekebisha mtu, na vijana wengi hulisoma kama kurejea, kwa hiyo tuanze kwa kulifafanua. Sura hiyo iliandikwa kwa Wakristo waliokuwa wakiteswa, ili wasidhani wameachwa. Haikuandikwa kama mwongozo wa kuchapa. Anayetafuta agizo kwa akina baba alisome Waefeso 6:4: "msiwachokoze watoto wenu, bali waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana." Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza adhabu ya kikatili au iliyopita kiasi kwa umri wa mtoto, na Mkristo asiwe wa mwisho kuitii.

Waebrania 12:10 ina maneno ya unyenyekevu kuhusu baba zetu wa mwili, kwamba walituadhibu "kama walivyoona vema wenyewe". Naijua maana yake. Niliwahi kumchapa mwanangu wa miaka minane kwa kupoteza shilingi elfu tano za unga, naye alilia akisema hakupewa. Jioni noti ileile niliikuta katika mfuko wa shati langu. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake na dada zake, jambo ambalo wazee wawili waliniambia baadaye kuwa nilijivunjia heshima. Mtoto hakusema kitu. Wakati wa chakula aliniletea maji ya kunawa kama alivyozoea, akasubiri nimalize, akanipa taulo.

Katika usiku ule nilijifunza mambo mawili juu ya Mungu: kwamba yeye hajawahi kuniadhibu kwa kosa lililo mfukoni mwake, na kwamba nilichopewa na mtoto yule ndicho ninachokiomba kila jioni katika Sala ya Bwana bila kukitafakari.

7. Ziwa lilipofungwa sikuwa na cha kuleta nyumbani. Baba asiye na kitu anaonyesha upendo gani?

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Sababu ilikuwa njema, lakini mwalo wa Kibirizi ulikuwa kimya, na swali hili liliulizwa karibu kila kikao.

Tumelelewa kuamini kwamba baba ni mkono unaoleta. Anayeamini hivyo humwona Mungu naye kama mkono, na mkono ukichelewa husema hayupo. Baba mmoja alituambia kwamba katika miezi ile mitatu alijua kwa mara ya kwanza kuwa binti yake wa darasa la tatu hawezi kusoma, akawa anakaa naye mlangoni kila jioni na kitabu kimoja kilichochanika jalada. Mikononi hakuwa na kitu. Binti leo akihesabu mambo aliyofanyiwa na baba yake anaanza na hilo, na mfungo wa ziwa haukumbuki kama njaa.

Sisemi njaa ni baraka. Anayesema hivyo mara nyingi ameshiba. Ninachosema ni kwamba zawadi kubwa kuliko zote katika Maandiko ni kuwapo, yaani Imanueli, Mungu pamoja nasi (Mathayo 1:23), na kwamba baba aliye mikono mitupu anaweza kuitoa zawadi hiyo ingali nzima.

8. Navua usiku na kulala mchana. Watoto wananiona kama mgeni. Nifanyeje?

Tumia mbalamwezi. Siku ambazo mwezi unang'aa na taa hazivuti dagaa, usiende kuzimalizia kijiweni. Na watoto waambiwe kwamba baba yuko macho kwa ajili yao wakati wamelala. Watakapoisoma Zaburi 121:4, kwamba mlinzi wa Israeli hatasinzia wala hatalala usingizi, watakuwa na picha ya kuanzia.

## Mahali penye majeraha

9. Baba yangu alikuwa mlevi, kisha akatutelekeza. Neno "Baba" katika sala linanikwama kooni.

Usilazimishe. Zaburi zina majina mengine ya Mungu, kama mchungaji, mwamba na ngome, na hakuna aliyekatazwa kuomba kwa hayo kwa miaka kadhaa.

Kisha, usianze na mzee wako ili umfikie Mungu, kwa kuwa njia hiyo kwako imebomoka. Anza na Yesu, aliyesema, "Aliyeniona mimi amemwona Baba" (Yohana 14:9). Tazama alivyowashika watoto, alivyomngoja Petro, alivyozungumza na mwanamke kisimani, ndipo uambiwe kwamba Baba yuko hivyo. Aliyeandika "Baba yangu na mama yangu wameniacha, Bali BWANA atanikaribisha kwake" (Zaburi 27:10) hakuficha kwamba ameachwa. Hata uchungu wako ni ushahidi, kwa sababu mtu hawezi kuhisi amenyimwa baba bila kuwa na kipimo fulani cha baba moyoni, na kipimo hicho hukukipata kwa mzee wako.

Wengine wanaouliza swali hili wanaogopa kurudia yale waliyofanyiwa. Woga huo peke yake hautoshi kumlinda mtoto. Tafuta mzee au mchungaji wa kukuuliza kila mwezi unaishije nyumbani.

10. Tumemzika mtoto wetu. Mtaniambia nini kuhusu upendo wa Baba?

Machache. Mtoto wa Daudi alipokufa, Daudi alisema, "Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi" (2 Samweli 12:23), na hakueleza zaidi. Warumi 8:32 inasema kwamba Mungu hakumwachilia Mwana wake mwenyewe, bali alimtoa kwa ajili yetu sote. Aliyefiwa na mtoto hulisoma fungu hilo akiwa upande ambao sisi wengine hatujafika, na katika usharika wetu tumejifunza kumwacha yeye atuambie linasemaje. Kazi yetu ni kukaa msibani, kuchota maji, na kunyamaza.

11. Mwanangu alipanda treni kwenda Dar es Salaam miaka minne iliyopita, hapigi simu. Luka 15 inanisaidiaje?

Kigoma ni mwisho wa reli, na wanaosubiri watu stesheni wanajua jinsi ilivyo kutazama behewa la mwisho likimwaga abiria wake wote. Yule baba katika mfano wa mwana mpotevu (Luka 15) alimwona mwanawe "alipokuwa angali mbali". Amtambuaye mtu kwa mbali ni yule aliyekuwa akitazama njia.

Jambo linalowakwaza akina baba wetu ni kwamba aligawa mali na kumwacha aende. Kwa hesabu zetu huo ni udhaifu. Lakini mzazi wa mtoto mkubwa anafika mahali anapogundua kwamba anaweza kumfungia mlango asitoke, ila hawezi kumfanya apende kukaa. Na Mungu, anayeweza yote, amekubali kuishi na uchungu huo.

Usimsahau mkubwa. Baba alitoka nje mara mbili siku ile, kwanza kumlaki mdogo njiani, kisha kumsihi kaka yake aliyekataa kuingia. Mkubwa alisema "huyu mwana wako", baba akamjibu "huyu ndugu yako", akamwambia pia, "Mwanangu, wewe u pamoja nami siku zote, na vyote nilivyo navyo ni vyako." Mwenye watoto wawili anajua kwamba upendo haugawanywi kama mali: aliyebaki nyumbani hapungukiwi kwa kuwa aliyepotea analiliwa, ingawa yeye huhisi hivyo, na ni lazima aambiwe kwa maneno. Kwa hiyo unapomngoja wa Dar es Salaam, toka nje ukamsihi na huyu wa hapa. Hadithi haisemi kama aliingia.

12. Ninalea mtoto wa mke wangu wa kabla hatujaoana. Je, huu ni ubaba wa kweli?

Ni wa kweli, na una upande wake wa kufundisha. Yusufu hakumzaa Yesu, lakini ndiye aliyempa jina (Mathayo 1:25), akamkimbiza Misri. Sisi nasi hatukuzaliwa wana wa Mungu kwa asili. Tumefanywa wana (Waefeso 1:5). Baba wa kumzaa anaweza kusema hakuwa na hiari. Wewe ulimwona mtoto ukamchagua, na huko ndiko Waefeso inakokuelekeza kutazama.

## Hoja za pembeni

13. Yesu alisema tusimwite mtu baba duniani. Je, tunakosea?

Mathayo 23:9 inakemea viongozi wa dini waliopenda vyeo. Paulo, aliyejua mafundisho ya Yesu, anawaambia watoto wawaheshimu baba na mama (Waefeso 6:2). Mtoto wako aendelee kukuita baba. Wewe usilitumie jina hilo kama kiti.

14. Majirani zetu wa Ujiji ni Waislamu na hawamwiti Mungu Baba. Niwajibuje wanaposhangaa?

Kwa adabu, na baada ya kusikiliza. Sura ya Ikhlas inasema Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, na jirani akisikia "Baba" anaweza kudhani unasema Mungu alikuwa na mke. Mweleze kwamba hakuna Mkristo anayefundisha uzazi wa mwili kwa Mungu. Hutamaliza tofauti barazani, na si lazima, yeye naye huanza shughuli zake kwa kumtaja Mwingi wa Rehema, na Zaburi 103:13 inaulinganisha ubaba wa Mungu na huruma hasa: "Kama vile baba awahurumiavyo watoto wake, ndivyo BWANA anavyowahurumia wamchao."

15. Je, hatuna hatari ya kumfanya Mungu awe kama sisi?

Hatari ipo, na dawa yake iko katika Waefeso 3:14-15, ambapo Paulo anasema ubaba wote wa mbinguni na wa duniani unaitwa kwa jina la Baba. Jina lilishuka kutoka kwake, hatukumwazima sisi. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, yaani mkutano wa maaskofu, ulikiri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba, na kwamba haukuwapo wakati ambapo Mwana hakuwapo. Kwa hiyo Mungu hakuanza kuwa Baba, wakati kila mmoja wetu anaikumbuka tarehe yake.

Tofauti nyingine naiona nzito zaidi, nasi hatupendi kuisema. Mzazi wa kwetu anaposomesha mtoto huwa anatazama pia uzee wake. Mtoto ni akiba, na si dhambi kutumaini atakujengea paa. Lakini Mungu hazeeki. Hana siku atakayohitaji kulishwa nasi, na kwa hiyo upendo wake hauna hata ile hesabu ndogo iliyojificha ndani ya upendo wetu mzuri kabisa.

16. Mtoto ameniuliza kama Mungu anampenda kuliko mimi ninavyompenda. Nijibuje?

Jibu "ndiyo", kisha unyamaze. Usione wivu, wala usiongeze mahubiri. Swali linalofuata huwa ni kama anampenda hata aliyevunja sahani ya mama asubuhi. Kwa hilo tazama swali la 3, halafu inama umsaidie kuokota vipande.